Bawa la Kushoto la Mbayuwayu

Ibra, Sharqiyah
12 Rajab 1399

Kwa mdogo wangu Badriya binti Hamed, Tabora.

Assalamu alaykum. Mimi kaka yako Nadhir nakuandikia nikiwa mzima, na nakuombea kwa Mungu hali hiyo hiyo wewe, mwanao Fawziya na wajukuu wote, ambao majina yao nayajua kwa karatasi tu. Vipi goti lako? Vipi paa la nyumba ya baba, limezibwa au bado mnahamisha masufuria kila mvua inaponyesha? Mimi ukinitazama kwa mbali utasema kijana. Ukisogea utaona meno mawili yamehama na macho yameanza kudai miwani ya pili, lakini alhamdulillahi, naamka, naswali, nakwenda kazini kwa miguu yangu.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza kama nimeshazoea huku. Nilikujibu kwamba ndiyo, kwa sababu hilo ndilo jibu ambalo watu hupenda kulisikia. Ukweli ni kwamba mwaka wa tano huu sijazoea. Jamaa wa ukoo ni wakarimu, kahawa na tende hazikosekani, lakini nikifungua mdomo kwa Kiarabu changu vijana wanatazamana. Sote tuliotoka Afrika tunaitwa Wazinjibari, hata sisi watu wa Tabora ambao Unguja yenyewe hatukupata kuikanyaga. Nilijaribu kuwaeleza, nikachoka, sasa naitika tu. Tangu mama Rahila alipofariki nyumba yangu ina vyumba vitatu na sauti moja, nayo ni ya redio. Binti yetu Rahila anasomesha Nizwa. Huja mara moja kwa mwezi, akapika, akafua, akanigombeza, akaondoka, na siku anayoondoka sili chakula alichokipika mpaka kimepoa. Wa kuniamkia shikamoo ni Bi Shukriya peke yake, yule jirani yangu aliyezaliwa Ujiji, naye ana miaka sitini na kitu. Nadhani ananiamkia kwa kunihurumia.

Sasa nikupe habari yenyewe, maana nimezunguka vya kutosha. Kuna karatasi hapa mezani inayotaka saini yangu, na katika karatasi hiyo mna jina la Marzouq. Ndiyo, Marzouq yule yule. Najua kwamba kwa miaka arobaini na mbili hatujalitaja jina hilo baina yetu, wewe kwa heshima ya marehemu mumeo Khelef na mimi kwa sababu zangu. Leo nalitaja. Kaa kitako, mwambie Fawziya akuletee maji, kisha usome.

Kazi yangu ni ile ile, karani wa ghala katika kampuni inayojenga barabara. Mwaka jana tuliletewa mkuu mpya, Mjerumani aitwaye Muhandisi Tilmann, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, shingo nyekundu kwa jua letu. Siku moja nilimpelekea orodha ya vipuri katika ofisi yake ya bati, nikaona picha ukutani, nikaisogelea. Ilikuwa ndege ndogo ya mabawa manne, mawili juu na mawili chini, viti viwili visivyo na paa, na chini ya kiti cha rubani amechorwa mbayuwayu mdogo mweusi. Nilimwambia Muhandisi kwa Kiingereza changu cha Tabora kwamba ndege ile naijua, nimeipaka gundi kwa mikono hii. Akacheka. Nikamwambia kwamba bawa la juu kulia lilikuwa na kipande cha mti kilichopachikwa, chekundu kuliko wenzake, urefu wake kiganja kimoja. Akaacha kucheka, akanivutia kiti.

Kumbe mtu huyu barabara ni mkate wake tu, moyo wake uko kwenye ndege za zamani. Anaandika kitabu cha ndege ile moja. Nilimuuliza ndege moja inaandikiwaje kitabu kizima, naye akaniuliza mbona Waarabu wanahifadhi nasaba za ngamia. Hapo alinipata. Tangu siku hiyo, baada ya swala ya alasiri na kazi kwisha, nimekuwa nikienda kukaa naye. Yeye ananisomea kwa Kiingereza aliyoyaandika, mimi namsahihisha kuhusu Tabora. Nakwambia kweli, Badriya, jioni zile ndizo zilizonifanya niuone mwaka huu ni mfupi. Mtu wa kwanza katika nchi hii kuniuliza nilikuwa nani kabla sijaja ni Mjerumani.

Basi nikajifunza habari za ndege ile, Mbayuwayu kwa jina, ambazo hata sisi tulioiosha kila wiki hatukuzijua. Baada ya ile vita ya kwanza, ile ambayo baba alibebeshwa mizigo yake, Wajerumani walikatazwa kuunda ndege za vita. Mafundi wao wakageukia ndege ndogo za michezo. Mbayuwayu iliundwa mwaka 1926 katika karakana moja iliyo kando ya mto, ya kumi na nne katika dada zake, mti mtupu na kitambaa cha kitani, chuma ni injini na nyaya tu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa rubani wa maonyesho. Kila Jumapili katika miji yao walikusanyika watu kwa maelfu, watu wa njaa wakati ule, kazi hakuna, na wakatoa senti zao za mwisho kumtazama mtu akiruka chali, akipiga duara angani, akishuka mpaka karibu na ardhi na kuokota leso kwa ncha ya bawa. Muhandisi mwenyewe aliiona akiwa na miaka mitano, mabegani mwa baba yake. Baba huyo baadaye alikufa katika vita ya pili, na ndiyo maana, alivyoniambia, anaitafuta ndege.

Baada ya rubani yule ikanunuliwa na chama cha vijana wa kujifunza urubani, na msichana mmoja alijifunzia humo kuruka kichwa chini, akawashinda wanaume wote katika mashindano ya mwaka 1930. Kisha zikaja ndege mpya zenye injini za nguvu zaidi, na serikali mpya ya huko ikavitia vyama vyote mkononi mwake, na Mbayuwayu ikawekwa bandani kama bibi aliyepitwa na harusi. Hapo ndipo Bwana Hollweg, yule rubani wetu wa Tabora, alipoinunua kwa bei ya bure, akaifungua mabawa, akaitia katika masanduku manne na kuipakia melini kwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa gari moshi mpaka kwetu. Yaliyobaki unayajua, ila unayajua kwa upande wa dirishani.

Hollweg alitaka maseremala, si makanika, maana ndege ile ilikuwa kazi ya mti. Akamchukua Marzouq, ambaye akiwa na miaka ishirini na saba alikuwa seremala bora wa milango mjini kwetu, na Marzouq akanichukua mimi. Miaka mitatu tuliitunza. Hollweg aliitumia kupelekea barua na dawa migodini, na siku za sikukuu alifanya sarakasi angani watu wakapiga vigelegele. Marzouq alikuwa mkubwa wangu kazini, na kila kazi niliyoifanya mimi, aliyetia saini katika kitabu cha matengenezo ya ndege alikuwa yeye. Alipoanza kukuulizia habari zako kwa kupitia kwangu, nilifurahi kweli. Nakuomba uliamini hilo, kwa yote utakayoyasoma mbele.

Gundi yetu ilikuwa unga unaotokana na maziwa. Unauchanganya na maji, na sharti lake ni moja: ukishapita muda wa saa nne, imekufa. Hata ikiwa bado inavutika kama asali, imekufa, mwaga. Kuongeza maji ili ilainike ilikuwa haramu kwetu. Marzouq alikuwa akisema ni kumfufua maiti kwa chai. Na mahali palipogundishwa hubanwa kwa jiriwa mchana mzima na usiku wake. Sheria hizi nilizijua kama nilivyoijua Fatiha.

Mwezi ishirini na tisa Ramadhani ya mwaka ule, mwaka 1936, bawa la chini la kushoto lilikuwa limegonga kigingi cha mbuzi, na mbavu tatu za mti ndani yake zilikuwa zimeachana. Hollweg alikwishatangaza kwamba Idi pili ataruka mbele ya mji mzima. Marzouq alikuwa ameitwa mgodini kutengeneza kitu, akaniachia kazi. Nilichanganya gundi asubuhi. Adhuhuri swaumu ikanielemea, nikalala chini ya bawa, nikaamka alasiri imeingia. Gundi ilikuwa nzito kama uji uliolala. Unga mwingine ulikuwa umefungiwa kabatini na ufunguo ulikuwa kwa Hollweg nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikaongeza maji. Nikakoroga, nikapaka, nikabana.

Usidhani nilikusudia kuiacha hivyo. Nilikuwa na hesabu yangu. Mawingu ya Desemba yalikuwa yametanda wiki nzima, hata jua lenyewe lilikuwa linaonekana kwa rehema. Nani angeuona mwezi mwembamba jioni ile? Nilijua kwa yakini kwamba kesho tutatimiza thelathini. Kesho nitaomba ufunguo, nitabandua, nitakwangua, nitagundisha upya, na itapata muda wake wa kukauka kabla ya Idi pili. Basi saa ya futari wakaja watu wawili wa Kwihara, waaminifu, wakala kiapo mbele ya kadhi kwamba wingu lilipasuka na mwezi wameuona. Ngoma ikapigwa. Wewe ulikimbia uani ukipiga kigelegele. Mimi nilikuwa na tende mdomoni, nikaitema kiganjani.

Ningeweza kwenda asubuhi ya Idi mosi. Nimejiambia hivyo mara ngapi sijui. Lakini utakumbuka asubuhi ile jinsi ilivyokuwa: kanzu mpya, swala, wageni, na baada ya adhuhuri watu wa Marzouq walikuja nyumbani kwetu kuweka siku ya harusi. Mtoto wa kiume wa nyumba ataondokaje wageni wa posa wakiwa sebuleni, aende kukwangua gundi? Na baba angeuliza kwa nini, na ningesema nini? Nilikuwa nikizungusha kahawa. Marzouq aliponyoosha kikombe aliniuliza kwa sauti ya chini bawa limekaaje. Nilimwambia limekaa sawasawa. Akanitikisia kikombe kwamba ametosheka, nikapita kwa mgeni wa pili.

Asubuhi ya Idi pili Marzouq alishona kitambaa, akazigonga mbavu kwa kidole, zikalia kama inavyopaswa, akatia saini. Hollweg akapaa. Uliona kwa macho yako ilivyopita juu yetu chali, watoto wakipiga kelele, kisha ikapanda, ikashuka kwa kasi, na pale ilipojaribu kunyanyuka kitambaa cha kushoto kikafura na kupasuka. Hollweg aliiburura mpaka shamba la karanga la nyuma ya stesheni. Yeye alivunjika mguu mara mbili, akawa kilema. Mbayuwayu haikuinuka tena.

Afisa alipouliza nani aliyetengeneza bawa, Marzouq alisema kitabu ni chake na saini ni yake. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilingoja anitazame, hakunitazama. Hakimu akampa miezi sita. Baba akasema hatoi binti yake kwa mtu aliyelala jela, hata kama jela yenyewe ni ya mambo ya angani. Na mimi nilikula, nikalala, nikaamka, nikapata kazi nyingine.

Sasa Muhandisi Tilmann anamaliza mkataba wake mwisho wa mwezi. Kitabu kile cha matengenezo alipewa na mjane wa Hollweg, na ukurasa wa mwisho una saini ile. Katika sura yake ya mwisho ameandika kwamba Mbayuwayu, iliyonusurika njaa na siasa na bahari, iliangamia Tabora kwa uzembe wa fundi wa kienyeji aitwaye Marzouq, na akaniomba, mimi niliyekuwepo, nitie saini chini yake kushuhudia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia anipe wiki moja.

Hapa inanibidi nikwambie jambo jingine. Marzouq yu hai, yuko huku huku, Sur, mji wa pwani. Nimelijua hilo tangu mwaka wangu wa kwanza huku. Mtu mmoja wa lori alinitajia fundi pampu wa Sur anayezungumza Kiswahili cha Tabora, mwenye kovu kidevuni. Kwa miaka mitano nimekuwa nikinunua samaki wa Sur sokoni Ibra na kutokwenda Sur. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliona bora niumbuke nikiwa bado natembea. Alhamisi iliyopita nilipanda gari la kampuni, mwendo wa kutwa kwa vumbi na mawe, nikamkuta amekaa mlangoni pa duka lake akifungua pampu ya maji. Kichwa cheupe chote. Alinijua kabla sijasema kitu, akaniita shemeji. Hebu fikiri, baada ya yote, akaniita shemeji.

Mkewe alikufa zamani, binti yake mmoja ameolewa Tiwi. Ana chumba nyuma ya duka, kitanda, jiko la mafuta, na redio kama yangu. Alinilisha samaki na wali. Nilipomaliza kula nikamwambia habari za gundi, yote, tangu adhuhuri ile mpaka ngoma ya mwezi. Aliendelea kusafisha sinia. Kisha akaniambia kwamba alijua siku ile ile. Alipookota mbavu zile shambani aliona zimeachana safi, mti haukuchanika hata unyuzi, na gundi imekuwa unga. Alijua maiti imenyweshwa chai na alijua ni nani aliyeinywesha. Lakini akajiuliza, akimpeleka jela kaka wa mchumba wake, ataingia na uso gani katika nyumba ile kuoa? Akahesabu kwamba miezi sita si kitu. Angetoka, mji ungesahau, na wewe ungekuwepo. Aliniambia bila kinyongo, na ningependa angekuwa nacho.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa hata nimeanza kupumua. Ndipo akaniambia kwamba katika yote yale kuna jambo moja tu ambalo limekuwa likimrudia miaka yote, na kwamba hana mwingine wa kumuuliza. Akaniuliza nilipokupelekea ule ujumbe wake wa jela na wewe ukakataa, uso wako ulikuwaje.

Badriya, hukukataa. Hukuulizwa.

Wiki ya pili ya kifungo chake niliruhusiwa kumpelekea chakula, na alinipa maneno nikuletee. Niliyabeba mpaka mlangoni kwetu. Nikakuta umekaa uani unachambua mchele, na nikaona kwamba ukisema ndiyo, baada ya miezi sita mtu huyu atakula nami sinia moja kila Ijumaa maisha yangu yote, na kila Ijumaa nitangoja aseme. Wakati ule, hata kwa maneno aliyonipa, sikutambua kwamba ameshajua na ameshanyamaza. Nikapita nikaenda chumbani. Siku ya tatu nikarudi jela nikamwambia umesema huwezi kumngojea mfungwa. Hakuuliza mara mbili. Mwezi uliofuata Khelef alileta posa, baba akakubali. Usiku wa hina, mikono yako ikiwa imefungwa matambara, uliniuliza mara moja tu kama Marzouq hakusema kitu. Nikakwambia hakusema kitu. Ukageuza uso ukutani, na mimi nikatoka nikaenda kuwagawia wageni sharubati.

Miaka ishirini na tisa uliyokaa na Khelef nilikuwa nakuja sikukuu na kuona unavyosema naam, naam, na unavyokaa dirishani. Nilijiambia una tabia ya ukimya. Kumbe kimya kile nilikutia mimi.

Na unadhani nilimjibu nini Marzouq juzi, mzee mzima mwenye ndevu nyeupe, niliyekwenda Sur kusema kweli? Nilimwambia uliinamisha uso na machozi yakakutoka. Ulimi ulikwenda wenyewe pale ulipozoea kwenda. Akanishukuru, Badriya. Akanimiminia kahawa nyingine, akasema kwamba basi, hilo lamtosha. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeshika paji la uso, na dereva alidhani gari limenichefua.

Jana nilikwenda kwa Muhandisi. Nilimwambia afute jina la Marzouq na aandike la kwangu, na la baba yangu, na la babu yangu, ili asije akachukuliwa Nadhir mwingine. Nikamwambia habari za gundi na za mwezi. Aliandika kurasa nne, akanisomea, nikatia saini. Alinipa mkono, akasema kwamba sasa nasaba ya ndege yake imekamilika. Nilitamani kufurahi pamoja naye. Lakini kitabu chake ni cha ndege, na mabaya niliyoyatenda baada ya ndege kuanguka hayana ukurasa humo.

Barua hii anakuja nayo Bi Shukriya, anayesafiri keshokutwa kumwona mama yake Ujiji na atashuka Tabora. Akishaondoka nayo sitaweza kuirudisha, ndiyo maana nampa yeye na siipeleki posta, ambako najijua ningekwenda kuiomba tena. Ijumaa ijayo nitarudi Sur, nimwambie Marzouq kwamba hukulia kwa sababu hukuambiwa. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa. Wewe nawe ukitaka kuichana barua hii na kuniacha na redio yangu, una haki, na sitakuandikia tena mpaka uniandikie. Nakuomba radhi. Najua radhi haitoshi kitu, lakini sina kikubwa kuliko hicho.

Bi Shukriya anakuletea pia kilo nne za tende za hapa, kitambaa cha Fawziya, na vidonge vya goti ambavyo Rahila amevitafuta Nizwa. Hivyo usivikatae, havina makosa. Wasalimie wajukuu, uwaambie wana babu Ibra, au usiwaambie, kama utakavyoona. Rahila anakuamkia shikamoo. Yeye hajui lolote kati ya haya.

Na sasa nikufikishie amana niliyopewa nikiwa na miaka ishirini na mbili. Marzouq anakusalimu. Anasema yaliyotokea yasikutie shaka juu yake, kwamba hana alichokuficha ila kimoja ambacho si chake kukisema. Na anauliza, Badriya, kama utamngoja miezi sita.

Ni mimi niliyechelewa kukwambia,
Nadhir bin Hamed